Moshi wa Pampu ya Mama Saumu

Nyinyi mnaobaki na zile mita, jambo la kwanza ni hili: mshale ukisimama katikati ya namba mbili, shika ile ndogo. Usibishane nao. Mimi nilibishana nao siku yangu ya kwanza, nikaandika ile kubwa, na Injinia Kioko akaiangalia karatasi, akaniangalia mimi, akauliza, "Mama, hawa watu wanamwagilia mchicha ama wanayeyusha chuma?"

Nimestaafu kabla mvi hazijanimaliza, kwa vile mradi wetu umepunguza watu na mimi nilikuwa mmoja wa kupunguzwa. Sina kinyongo. Mungu aliyenipa hiyo kazi ndiye aliyeniambia nipumzike. Habari za vyeo na mishahara sitaandika, kwa sababu vyeo sikupata na mshahara mliujua. Nitaandika juu ya ile pampu ya Voi, maana najua mtaikuta hapo, mtaisikia ikinguruma, na hakuna atakayewaambia ilivyobaki kidogo ing'olewe.

Niliingia ofisini kama mama wa chai. Mchana napika chai, jioni naenda gumbaru, masomo ya watu wazima, kule shule ya msingi, nakaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu wetu alitufundisha kuzidisha na kugawanya kwa kutumia maharagwe. Mradi ulipotafuta mtu wa kuzunguka mashambani kusoma mita, vijana wenye vyeti walikuja, wakaliona jua la Voi, wakakumbuka wana mambo mengine. Nikabaki mimi na maharagwe yangu.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Mzee Mwadime, fundi wa pampu, mtu wa maneno machache na kofia moja. Alinishika mkono akauweka juu ya mota inayozunguka. "Unasikia?" Nikamwambia nasikia joto. "Joto ni stima inayopotea," akasema. "Pampu nzuri inakunywa stima na kutoa maji. Pampu mbaya inakunywa stima na kutoa joto. Kama mume mlevi." Mpaka leo nikipita karibu na mota yoyote natamani kuigusa. Mkiweza, guseni, lakini na mgongo wa mkono. Stima ikikurusha, mkono utafunga ngumi kuelekea kwako, hautaishika.

Sasa, kazi yetu ilikuwa nini? Ilikuwa kulinganisha moshi. Wafadhili walitaka kujua stima inayotumika kwenye kilimo inaleta moshi kiasi gani, sehemu kwa sehemu: Voi huku chini, Taveta kule kwenye migomba, na Mwanda juu milimani. Niliposikia mara ya kwanza nilicheka. Moshi gani wa stima? Mimi mwenyewe nilikuwa nimewahubiria akina mama kwamba stima haina moshi, ndiyo uzuri wake, ukilinganisha na ile injini ya dizeli iliyokuwa inatutia masizi mpaka kwenye leso.

Injinia hakubishana na mimi. Alitupeleka Mombasa kwa mafunzo, akatusimamisha mahali ambapo mafuta yanachomwa ili kutengeneza stima. Akaonyesha bomba la moshi. "Maji ya mabwawa yakitosha," akasema, "stima yetu inatoka kwenye maji. Mabwawa yakikauka, inatoka hapa." Niliangalia juu nikashtuka, nikashika kifua. Ule waya mwembamba safi unaoingia kwenye shamba la mchicha kule Voi, mwisho wake wa pili ulikuwa huu. Ni kama kumjua mtu kanisani miaka na miaka, halafu siku moja ukutane naye akitoka baa.

Kwa hivyo hesabu yetu ilikwenda hivi. Unasoma mita, unajua yuniti walizokula. Injinia anazigeuza yuniti kuwa uzito wa ule moshi, ambao wenyewe wanauita kaboni. Halafu unagawanya kwa kilo za mazao. Jibu linasema kila kilo ya chakula imegharimu moshi kiasi gani, na hapo ndipo unaweza kuweka Voi na Taveta kwenye meza moja. Mazao hayapimwi mwaka mzima, hakuna mtu wa kukaa na mizani mwaka mzima. Tunapima wiki moja kila msimu, na Injinia anakadiria.

Mwanda ilikuwa rahisi kabisa. Kule maji yanateremka yenyewe kwa mifereji kutoka mlimani, watu wanapeana zamu, hakuna pampu hata moja. Mama mmoja alinisindikiza shambani kwake kwenye viazi na kabichi, akaniuliza natafuta nini. Nikamwambia natafuta moshi wa stima.

"Stima ipi?"

"Hakuna. Ndiyo maana nitaandika sifuri."

"Umepanda mlima huu wote kuja kuandika sifuri?" Akanihurumia, nikaona machoni. "Ngoja basi nikupikie. Moshi uko jikoni, kama unautaka unaweza kubeba."

Taveta nako hakukuwa na shida. Maji ya chemchemi yako karibu, pampu haivuti kutoka mbali, na wale watu wanajua kuhesabu. Mkungu wa ndizi ukitoka shambani wanajua umetoka wapi, umekwenda wapi, na nani aliuangalia kwa jicho baya. Unafika tu, unaandika.

Shida ilikuwa hapa nyumbani Voi.

Shamba lenyewe liko chini ya mtaa wa Kaloleni. Ni la kikundi cha akina mama, na mwenyekiti wao ni Mama Saumu. Watu wake walikuja zamani kutoka pwani, na Kiswahili chake ni kile cha kunyooka kinachokufanya uone haya kufungua mdomo wako. Mkubwa kwangu kidogo, mwembamba, sauti kubwa. Kisima chao ni kirefu, maji yako chini sana, na pampu waliyopewa na mradi ilikuwa ya stima. Waliipata kwa sharti moja ambalo walilikubali mbele ya mkutano: pampu ambayo moshi wake kwa kilo utazidi kiwango, na ubaki hivyo msimu wa pili, itang'olewa ipelekwe kwingine. Bila pampu hilo shamba ni vumbi. Mnalijua vumbi la Voi, jekundu, linaingia mpaka kwenye sukari.

Msimu wa kwanza tukapima. Injinia akapiga hesabu, akapiga tena. Halafu akageuza kalkuleta nione.

Nilisema haiwezekani. Taveta ilikuwa chini. Voi ilikuwa juu ya kiwango, na si juu kidogo. Kwa hiyo hesabu, kilo moja ya mchicha wa Mama Saumu ilikuwa na moshi kama wa kilo mbili na zaidi za ndizi za Taveta. Mzee Mwadime akaenda akaigusa mota, akaisikiliza, akarudi akasema pampu ni nzima kama siku ilipotoka kwenye sanduku. Maji yanatoka vizuri. Ardhi ni nzuri. Basi maji yote hayo yanaotesha nini?

"Mama, kilo ziko wapi?" Injinia akaniuliza. Hakuuliza kwa ubaya. Ni mtu mzuri, lakini fomu ni fomu. "Msimu ujao zikiwa ni hizi, sina la kufanya. Itabidi nije na lori."

Usingizi uliniruka. Wale ni wanawake ninaowajua, watoto wao na wangu wamekimbizana pamoja. Nikaomba, nikafunga, na asubuhi moja nikaenda shambani mapema kuliko kawaida, bila fomu, bila kalamu.

Ndipo nikaona. Kabla soko halijafikiriwa, Mama Saumu na wenzake walikuwa tayari wamekata. Sukuma, mchicha, kunde, nyanya, mafungu mafungu, yamefungwa kwa kamba ya mkonge na kuwekwa kando ya ua upande wa nyuma. Watu wanapita, wanachukua, hawasemi, hawaulizwi. Mjane anachukua. Mama wa watoto wengi anachukua. Kijana wa kanisa letu anachukua fungu la mgonjwa. Bomba la maji nalo liko wazi kwa kila mwenye mtungi. Kinachobaki baada ya hapo ndicho kinapelekwa kwenye mizani yangu, na ndicho wanachokiita mavuno.

Mimi ni mtu wa hapa, na sikujua.

"Mama Saumu!" nikamwambia. "Hii yote mbona hamjapima?"

"Hiyo si mavuno."

"Ni nini basi?"

"Hiyo ishatoka." Akaendelea kukata bila kuinua kichwa. "Kitu kishatoka mkononi mwako wakipima cha nini?"

"Dada, pampu itang'olewa! Hizo kilo ndizo zinakosekana. Wewe niambie tu ni mafungu mangapi kwa wiki, mimi niandike, yaishe."

Hapo akasimama. Akafuta kisu kwenye leso. "Mama Mghoi, wewe ni mtu wa dini. Kwenu huko, mtu akitoa sadaka huenda kwa karani akaandikisha?"

Kwetu pia tumefundishwa hivyo hivyo. Ukitoa, nyamaza. Ukiihesabu umeshajilipa.

"Basi fanya kidogo," nikasema. "Wiki ya kupima ikija, funga ule ua wa nyuma. Wiki moja tu. Peleka zote kwenye mizani, halafu wiki ya pili uendelee."

Aliniangalia kama nimemwambia auze mtoto. "Wiki moja watu wale nini, hesabu zako?"

"Na pampu?"

"Pampu ina Mwenyewe aliyeileta. Na wewe usiniandikie. Niahidi. Nisije nikasikia mafungu yangu yanasomwa Nairobi."

Nikaahidi. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa, nikaondoka nimefungwa mdomo. Nilikuwa sijawahi kuona mtu anashikilia jambo linalomwangusha kwa mikono miwili namna ile, na kilichonishtua zaidi ni kwamba moyoni nilijua hajakosea.

Nikaketi kwenye jiwe karibu na bomba. Wakesho akanikuta hapo. Wakesho ni jirani yetu wa Kaloleni, msichana wa Mwanda aliyeolewa huku chini, mcheshi, na wakati huo alikuwa na mtoto wa mgongoni. Akaweka mtungi akaniuliza kama nimefiwa.

"Pampu itaondolewa," nikamwambia. "Wanasema inakula stima nyingi, mboga ni kidogo."

"Mboga ni kidogo?" Akacheka mpaka mtoto akaamka. "Na hizi ninazokula mimi tangu nije huku ni nyasi?"

Ahadi ni ahadi. Nikamwambia tu siku ambayo mizani itakuja, kwa sababu hiyo haikuwa siri, ilikuwa imebandikwa kwenye mlango wa ofisi.

Wiki ya kupima ya msimu wa pili ikaanza, na siku za kwanza zilikuwa vilevile. Mafungu ya uani yalichukuliwa alfajiri, na yale ya soko yakaja kwenye mizani, machache. Injinia alikuwa amekuja mwenyewe. Siku ya mwisho tulitundika mizani kwenye boriti la kibanda cha pampu, ile mizani ya mshale yenye sahani kubwa. Nikapima magunia ya soko, yakaisha upesi. Injinia akafunga kalamu yake. Nikaona ameangalia nati za pampu, akihesabu kichwani atazifungua na spana gani.

Ndipo tukasikia watu.

Waliteremka kutoka Kaloleni, wanawake zaidi, na wazee wachache, kila mmoja na fungu. Mbele alikuwa Wakesho. Mafungu mengine yalikuwa mabichi ya asubuhi ile. Mengine yalikuwa ya juzi, yamenyauka, wamekaa nayo wasile. Mjane mmoja alileta nyanya kwenye bakuli la kanisa. Bibi mmoja alikuja na sufuria, akafunua, mchicha umeshapikwa.

"Pima," Wakesho akamwambia Injinia.

"Hizi zimetoka wapi?"

"Zimetoka hapa. Maji ya hapa, udongo wa hapa, stima ya hapa. Wiki hii yote hatukula, tumeweka. Tulilala na uji. Pima."

Mama Saumu alitoka nyuma ya kibanda mbio. Nimemjua miaka mingi, sijamwona hivyo. Uso wote umebadilika. "Ni nani aliyewaambia mje mnivue nguo hapa mbele za watu?" Akanigeukia. "Mama Mghoi! Wewe uliniahidi!"

Kabla sijasema kitu, Wakesho akaingia katikati yetu.

"Usimguse huyu, hajasema neno. Mama, wewe ulitoa ukanyamaza. Hayo ni yako na Mungu wako. Sisi tumepokea. Aliyepokea nani amemkataza kusema?"

Mimi nilikuwa nimesoma gumbaru, nimesikia mahubiri tangu utotoni, na hilo neno sikuwa nimelisikia popote. Mama Saumu akavuta leso akajifunika uso, akakaa chini kwenye saruji, na hakulia wala hakucheka. Alikaa tu hivyo, amejifunika, kazi yote ikiendelea.

"Haya, wekeni kwenye mizani," Injinia akasema kwa sauti ndogo. "Mama, andika."

Tukapima. Fungu kwa fungu. Rundo la uani lilikaribia kuwa sawa na rundo la soko, na hilo ni lile walilolileta tu, lililoliwa na wengine halipo. Ilipofika zamu ya ile sufuria, Injinia akasita.

"Hii imepikwa. Tena ina nazi."

"Toa nazi," yule bibi akamwambia.

"Nitatoaje nazi?"

"Umesoma mpaka ng'ambo hujui kutoa?"

Watu walicheka, hata Mzee Mwadime, ambaye mimi nilidhani meno hana. Sufuria haikupimwa. Ililiwa.

Mwisho kabisa Wakesho akamshusha mtoto mgongoni, na kabla hatujaelewa akamweka kwenye sahani ya mizani, katikati ya majani yaliyobaki. Mtoto akashika minyororo kwa mikono yote miwili, akatukazia macho.

"Na huyu," Wakesho akasema. "Amekula hii mboga tangu yuko tumboni. Yeye pia ni wa hapa."

"Mama, huyo si mazao," Injinia akasema.

"Kwani nyinyi watu wa kilimo, mnalima ili nini kitokee?"

Injinia alisimama pale na ile suruali yake ya kunyooshwa. Aliiangalia fomu, akageuza nyuma, akarudisha mbele. Kisha akaniambia polepole, "Huyo usimwandike, Mama. Hakuna safu yake." Lakini hakumwondoa. Alimwacha pale kidogo, akaushika mnyororo asipinduke.

Pampu ilibaki. Voi haikuishinda Taveta, msidanganywe, kisima chetu ni kirefu na kitabaki kirefu. Lakini ilishuka chini ya kiwango. Mwanda iliendelea na sifuri yake. Ripoti ilipokuja kutoka Nairobi imepigwa chapa vizuri, niliisoma nikabaki nimeduwaa tena, maana ilisema Voi imepunguza kaboni kwa kila kilo kutokana na matumizi bora ya pampu. Pampu ilikuwa ile ile. Yuniti zile zile. Moshi wa Mombasa haukupungua hata pumzi moja. Kilichobadilika ni kwamba watu walisema walichokula.

Kwa hivyo, nyinyi mtakaolinganisha sehemu na sehemu, mkiona moja ina moshi mwingi na chakula kidogo, msikimbilie spana. Nendeni alfajiri, mwangalie nyuma ya ua. Kuna mahali watu wanahesabu kila mkungu, na kuna mahali kuhesabu ni aibu, na karatasi ya namba haiwezi kuwaambia ni wapi mko.

Juzi, nikiwa sasa mtu wa kukaa nyumbani, nilikwenda pale bombani na mtungi wangu. Mama Saumu alikuwepo, anafunga mafungu. Akaja msichana mdogo wa nasari na kidumu chake, Eunice wa Wakesho. Akanisalimia shikamoo, akasimama mbele yangu, mikono nyuma.

"Mama amesema mlinipima kama viazi."

"Ni kweli."

"Nilikuwa kilo ngapi?"

Sikumwandika, lakini macho nilikuwa nayo. Niliuona ule mshale, na namba uliyosimamia ninaikumbuka mpaka leo. Nikafungua mdomo nimwambie.

"Wee Mama Mghoi," Mama Saumu akasema, bila kuinua kichwa. "Hiyo haihesabiwi."

Nikamjazia mtoto kidumu chake.